Dua za Waliopotelewa, Mlima Elgon

Iko dua ambayo ulimi hushindwa kuitamka. Ni dua ya mzazi asiyejua amwombee mwanawe arudi salama, au amwombee rehema ya maiti.

Dua hiyo yajulikana sana Bungoma na Kitale, miji iliyo pande mbili za chini ya Mlima Elgon. Asili ya msiba ni ardhi. Tangu mwaka 1971 serikali iligawa mashamba ya Chebyuk kwa watu walioteremshwa kutoka Chepkitale, juu mlimani, na kila ugawaji ukazaa manung'uniko mapya. Mwaka 2006 wakazuka wapiganaji wa SLDF, wakaua na kuteka nyara. Machi 2008 jeshi likapelekwa katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume kwa maelfu walikamatwa, wengi wakateswa, na wako ambao hawakuonekana tena. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2011 kwamba zaidi ya watu 300 walipotezwa, ama na wapiganaji, ama na askari.

Jamaa zao wengi ni Wakristo. Mama mmoja niliyezungumza naye Bungoma aliwahi kushauriwa na wenzake wa kanisani afanye ibada ya kumuaga mwanawe, apate kupumua. Alikataa.

"Mzee, nitaaga nini, na sikuona mwili?" aliniambia.

Nikamwuliza kama hachoki kuomba.

"Nachoka. Jumapili nyingine naenda kanisani nakaa kimya tu. Wenzangu wananiombea."

Sheria ya Kenya humhesabu mtu kuwa amekufa akikosa kusikika kwa miaka 7. Katika fikihi yetu yuko mafkudi, na wanazuoni wamehitalifiana juu ya mkewe: wako wasemao angoje miaka 4 kisha akae eda, na wako wasemao angoje hata ipatikane yakini. Hukumu hizo zatengeneza ndoa na mirathi. Moyo wa mama hauna kadhi.

Wakristo wanayo Zaburi ya 13, ambamo mja amwuliza Mola wake atasahauliwa hata lini. Kumbe kuuliza si kukufuru. Nasi tuliosoma chuoni twamjua mzazi wa namna hii tangu utotoni: Nabii Yaakub, alayhi salaam, aliyemlilia Yusuf hata macho yake yakaingia weupe. Lakini tusisahau kwamba Nabii huyo huyo, mwenye subira iliyosifiwa, aliwaagiza wanawe waende wakamtafute Yusuf na nduguye. Subira haikumzuia kuuliza habari.

Kwa hiyo, mwenye kujua walikopelekwa watu wale hana haki ya kumwambia mama yule amwachie Mungu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika ya Mlima Elgon katika ripoti yake ya mwaka 2013. Kuandikwa si kujibiwa. Jibu ni kuonyeshwa kaburi, au kuonyeshwa mtu.

Hata huku kwetu Pwani wako wazazi ambao wana wao walichukuliwa wasirudi. Wao huomba msikitini, na wale wa Elgon huomba kanisani, lakini wangojalo ni moja. Tukiinua mikono baada ya sala ya Ijumaa, tuwataje wote.