Je, Wajua? Hamira Ni Msafiri wa Anga za Mbali

Tarehe 16 Novemba 2022, saa tatu na dakika 47 asubuhi kwa saa za Kenya, roketi ya SLS ya shirika la anga la Marekani, NASA, iliruka kutoka Florida na kuanza safari ya Artemis I kuelekea Mwezini. Chombo cha Orion kilichokuwa juu yake hakikubeba binadamu hata mmoja. Kilibeba hamira. Hamira nyingine ilikuwa ndani ya setilaiti ndogo ya kilo 14 hivi iitwayo BioSentinel, nayo ilipandishwa na roketi hiyohiyo.

Hamira hiyo ni ya spishi ya Saccharomyces cerevisiae, ileile inayouzwa kwa pakiti ndogo madukani Kiserian, kando ya Barabara ya Magadi. Anayeandaa mahamri humimina punje zake kavu katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, akatia kijiko cha sukari na kufunika. Dakika chache baadaye povu linapanda hadi ukingoni na harufu yake inajaa jikoni. Punje zilizokaa kwenye pakiti miezi kadhaa bila dalili ya uhai zimeamka, zinakula sukari na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi, na hewa hiyo ndiyo itakayoumua unga.

Wazee wa Kajiado na wa upande wa pili wa Milima ya Ngong wanaijua tabia hii tangu zamani, hata kabla pakiti hazijafika dukani. Pombe ya asali ya muratina huchachushwa kwa tunda la mti wa mvungunya. Tunda hupasuliwa, likaandaliwa na kuanikwa juani. Pombe ikiiva, tunda hutolewa, likaanikwa tena na kuhifadhiwa hadi siku ya kupika nyingine. Katika nyuzi zake kavu wamo viumbe wa hamira, wamelala, wakingoja maji na utamu. Kiumbe anayeweza kukaushwa, akalala muda mrefu kisha akaamka kwa tone la maji ni tunu kwa mwanasayansi wa anga, kwa sababu hahitaji kulishwa wala kuangaliwa njiani. Seli moja ya hamira ina upana wa mikromita tano hivi, na ikiwa na joto na chakula cha kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 90 hivi. Kwa hiyo maelfu kwa maelfu ya seli huenea mahali padogo mno, na vizazi kadhaa huzaliwa kwa siku moja.

Jambo linalotafutwa huko mbali ni jibu la swali moja: mionzi ya anga za mbali inaufanyia nini mwili ulio hai?

Mkazi wa Kiserian analindwa dhidi ya mionzi hiyo bila kujua. Juu ya kichwa chake kuna tabaka nene la hewa, na juu ya hewa kuna usumaku wa dunia unaokengeusha chembe zenye umeme zinazotoka kwenye Jua na kwenye nyota za mbali. Karibu na Ikweta kinga hiyo ya usumaku ina nguvu kuliko kwenye ncha za dunia. Hata wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka kilomita 400 hivi juu yetu, bado wako ndani ya usumaku huo. Anayekwenda Mwezini au Mihiri hutoka nje yake kabisa. Chombo cha Curiosity kilipokuwa njiani kwenda Mihiri mwaka 2011 na 2012, kipimo chake kilionyesha wastani wa milisiveti 1.8 hivi za mionzi kwa siku. Duniani, mtu hupata wastani wa milisiveti 2.4 hivi kwa mwaka mzima kutoka vyanzo vya asili. Kwa maneno mengine, msafiri wa Mihiri hupokea mionzi ya mwaka mzima chini ya siku mbili.

Mionzi hiyo hupenya ndani ya seli na kukata DNA. DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana. Uzi mmoja ukikatika, seli huutengeneza kwa kuangalia ule wa pili. Nyuzi zote mbili zikikatika mahali pamoja, hatari ni kubwa: seli inaweza kufa, au ikaunganisha vipande visivyostahili kuungana, na hapo ndipo saratani inapoweza kuanzia. Fundi mkuu wa kurekebisha mkato wa aina hiyo ni protini iitwayo Rad51. Hushika ncha iliyokatika, ikatafuta nakala nzima ya sehemu hiyo mahali pengine ndani ya seli, kisha nakala hiyo ikafuatwa kujaza pengo. Binadamu anayo protini hiyo pia, na ndani ya mwili wetu hufanya kazi bega kwa bega na BRCA2, ile ambayo jeni yake ikiharibika humwongezea mtu uwezekano wa kupata saratani ya matiti.

Undugu wa hamira na binadamu hauishii hapo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichukua jeni zaidi ya 400 ambazo hamira haiwezi kuishi bila hizo, wakaziondoa moja moja na kuweka mahali pake jeni ya binadamu inayolingana nayo. Karibu nusu ya majaribio hayo yalifaulu, na hamira ikaendelea kuishi kwa jeni ya mtu.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika elimu hii. Mwaka 1893, mtaalamu wa Kijerumani Paul Lindner alichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akakuta ndani yake hamira asiyechipua mtoto ubavuni kama wa mkate, bali hurefuka na kujikata katikati. Akamwita Schizosaccharomyces pombe, na hadi leo maabara za dunia nzima humtaja kwa jina hilo la Kiswahili. Aina inayotumiwa sana maabarani ilitoka baadaye katika maji ya zabibu ya Ufaransa, lakini spishi ilijulikana kwanza kutokana na chungu cha pombe cha huku kwetu. Kwa kumtumia kiumbe huyo, Mwingereza Paul Nurse aligundua jeni inayoamua wakati wa seli kugawanyika. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kufanya kazi hiyohiyo ndani ya hamira, na mwaka 2001 Nurse alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba. Mengi tunayojua kuhusu namna seli inavyosimamisha kugawanyika ili kwanza itengeneze DNA iliyoharibika na mionzi yalipatikana kwa hamira huyu wa pombe na kwa mwenzake wa mkate.

Kwa msingi huo, wahandisi wa kituo cha NASA cha Ames, California, waliiunda BioSentinel. Ndani yake waliweka kadi 18 za plastiki, kila kadi ikiwa na vishimo 16, na katika vishimo hivyo hamira iliyokaushwa ya aina mbili. Aina ya kwanza ni nzima. Ya pili imeondolewa jeni ya Rad51, hivyo fundi wake mkuu hayupo. Zote zipate mionzi ileile, muda uleule. Wakati ukifika, pampu ndogo hupeleka maji yenye sukari na rangi ya buluu katika vishimo. Seli zikila na kukua, buluu hugeuka kuwa waridi, na taa ndogo pamoja na vipima mwanga husoma mabadiliko hayo na kutuma takwimu duniani kwa redio. Kishimo cha hamira nzima kikigeuka waridi huku kile cha hamira isiyo na Rad51 kikichelewa, mtafiti anajua kwamba nyuzi za DNA zimekatika, na anaweza kukadiria ni kwa kiasi gani.

BioSentinel ilipita karibu na Mwezi tarehe 21 Novemba 2022, kiasi cha kilomita 406 tu kutoka ardhi yake, kisha ikaendelea hadi kwenye njia yake ya kulizunguka Jua. Kipimo chake cha mionzi kiliendelea kufanya kazi. Jua lilipolipuka kwa dhoruba kubwa ya Mei 2024, setilaiti hiyo ilikuwa zaidi ya kilomita milioni 48 kutoka duniani, ikipima chembe za Jua nje kabisa ya kinga ya usumaku wetu.

Hamira iliyokuwa ndani ya Orion ilitengenezwa kwa ustadi wa aina nyingine, na hapa mfugaji wa Kajiado ataelewa haraka. Mwaka 2002 kundi la watafiti wa nchi mbalimbali lilikamilisha mkusanyiko wa hamira za aina elfu kadhaa. Kila aina imeondolewa jeni moja tu, na pale jeni ilipokuwa pamewekwa alama fupi ya DNA isiyofanana na nyingine yoyote. Ni kama makundi ya ng'ombe wa koo nyingi yaliyochanganywa malishoni wakati wa kiangazi: mvua ikirudi, alama ya chuma kwenye ngozi na mkato wa sikio humwonyesha kila mtu wa kwake ni wangapi waliopona. Watafiti huzichanganya aina zote katika chombo kimoja, wakaziacha zikue chini ya mionzi, kisha wakasoma alama na kuzihesabu. Alama iliyopungua humaanisha kwamba jeni iliyoondolewa ndiyo ingeilinda seli. Orion ilifika kilomita 432,000 hivi kutoka duniani na kutua katika Bahari ya Pasifiki tarehe 11 Desemba 2022, na hamira ikarudishwa maabarani.

Kuna hamira iliyobadilishwa kwa kazi ya jikoni pia. Vitamini za chakula cha makopo hupungua kadiri miaka inavyopita, na safari ya kwenda Mihiri na kurudi huchukua miaka. Katika mradi wa BioNutrients, ulioanza kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2019, hamira ilipewa jeni za kutengeneza beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na zeaksanthini, inayolinda macho. Mwanaanga hutia maji katika mfuko wenye hamira kavu na chakula chake, akauweka mahali pa nyuzijoto 30 hivi kwa siku mbili, na virutubisho vinatengenezwa humohumo. Nyumbani beta-karotini tunaipata kwenye karoti, boga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Huko hakuna shamba.

Kenya haianzi sifuri katika mambo ya anga. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, roketi zilirushwa kati ya 1967 na 1988, na tarehe 12 Desemba 1970 ilipaa hapo setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa uchunguzi wa eksirei za angani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na setilaiti yake ndogo, 1KUNS-PF, mwaka 2018, na Taifa-1 ikafuata tarehe 15 Aprili 2023. Setilaiti ya baiolojia ni hatua ambayo bado haijapigwa, lakini somo lake la msingi linaweza kufanywa darasani bila pesa nyingi.

Mwalimu wa sayansi wa Kiserian, Kitengela au Namanga anaweza kuanza muhula huu. Achemshe mchuzi wa viazi wenye sukari, auchanganye na agari, aumimine kwenye visahani safi na kuuacha ugande. Wanafunzi wapake juu yake hamira iliyopunguzwa makali kwa maji, kisha visahani vingine viwekwe wazi kwenye jua la adhuhuri kwa muda tofautitofauti na vingine vifunikwe kwa karatasi nyeusi. Vyote vilale siku mbili mahali pa joto, halafu madoa meupe yahesabiwe na kuandikwa daftarini. Mionzi watakayoipima ni ya urujuanimno wa Jua, si ile ya anga za mbali, lakini namna ya kuuliza na ya kuhesabu ndiyo iliyotumika katika safari ya Mwezini. Walimu, wapeni watoto jaribio hili, na matokeo yao yafike kwenye kongamano la sayansi la shule.