Kompyuta mpya ilipozimika ovyo, nilimhukumu asiye na kosa

ILIKUWA saa mbili na robo usiku, siku mbili kabla ya mitihani ya muhula. Nilikuwa nimebakiza maswali manne tu ya hisabati nimalize kuchapa. Mara skrini ikageuka buluu, maandishi meupe yakatokea, kisha giza. Nilipoiwasha tena kompyuta, kurasa tatu nilizochapa tangu alasiri hazikuwapo. Mtihani ule wanafunzi wangu waliusoma ubaoni, kwa chaki.

Kompyuta yenyewe haikuwa imetimiza hata wiki moja. Walimu wanne tulichanga kwa miezi saba ili tuwe na mahali pa kuchapia mitihani bila kupanga foleni kwenye duka la steshenari. Kwa kuwa iliyo tayari dukani ilituzidi uwezo, tuliamua kununua vipande na kuviunganisha. Ingekaa nyumbani kwangu, na watoto wangu wangeitumia mchana kujifunzia.

Fedha na orodha alikabidhiwa mpwa wangu, kijana wa miaka 22 anayejifunza ufundi wa kompyuta. Vipande vingine alivipata hapa Bujumbura, vingine viliagizwa Kariakoo, Dar es Salaam, vikaja kwa basi. Jioni moja akaiunganisha sebuleni kwangu huku sote tukitazama, ikawaka mara ya kwanza na tukapiga makofi.

Kwa siku mbili ilifanya kazi vizuri. Siku ya tatu ikaanza vituko. Mara ijizime na kujiwasha yenyewe, mara igande mshale usisogee, mara ilete ile skrini ya buluu. Ungeweza kukaa saa tano bila tatizo, halafu izime mara tatu ndani ya nusu saa.

Wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba kijana amekula pesa na kutuwekea vipande chakavu. Nami nikaamini. Nilimwita mpwa wangu, nikamwambia mbele yao arudishe fedha za watu. Hakubishana. Alisema tu, "Mjomba, sijachukua hata faranga moja," akaondoka. Kuanzia siku ile, dada yangu hakupokea tena simu zangu.

Daftari la safu nne

Baada ya mitihani, hasira ilipotulia, nilimkumbuka mwalimu wetu wa sayansi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Tulipanda maharage kwenye makopo, na alitukataza kabisa kubadili vitu viwili kwa wakati mmoja. Alisema ukibadili maji na mwanga pamoja, mche ukifa hutajua kilichouua. Mimi nilikuwa nimemhukumu mtu bila kupanda hata kopo moja.

Nikachukua daftari, nikapiga safu nne: saa ya tukio, nilichokuwa nikifanya, kompyuta ilizima vipi, na skrini iliandika nini. Kwa siku tisa niliandika kila tukio, na yakafika 14.

Nilipoyasoma kwa pamoja nilishangaa. Matukio manane yalikuwa ya kuzima ghafla bila ujumbe wowote, na yote yalitokea kati ya saa moja na saa tatu usiku. Sita yalikuwa ya skrini ya buluu, nayo yalikuja saa yoyote, hata asubuhi. Tena ujumbe wake ulibadilika. Leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa mwingine. Kumbe mgonjwa wetu hakuwa na ugonjwa mmoja. Alikuwa na mawili, na ndiyo maana hatukuona mpangilio.

Nilimtuma mama yangu, ambaye ni bibi yake kijana, amwombe aje. Alikuja na mkoba wake wa vifaa, akasema "Shikamoo mjomba" bila kunitazama usoni. Nilimpa daftari. Alilisoma mara mbili, akasema, "Ungenipa hili siku ile, tusingefika huku."

Umeme wa jioni

Alianza na ugonjwa wa usiku. Ndani ya Windows kuna orodha ya matukio ambayo mashine hujiandikia yenyewe. Humo alionyesha tukio namba 41, lililojirudia kwa saa zilezile nilizoandika mimi. Maana yake ni kwamba kompyuta iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Halisemi kosa ni la nani, lakini linaelekeza macho kwanza kwenye umeme.

Saa moja na dakika arobaini jioni alichomeka mita yake kwenye soketi ya ukutani. Ilisoma volti 171. Kibandiko kwenye pawa saplai yetu kinasema inataka volti 200 hadi 240. Wakati mtaa mzima umewasha majiko na pasi, umeme hushuka. Taa hupunguza mwanga kidogo tu na mtu hashituki, lakini kompyuta haivumilii. Nami nilikuwa nimeichomeka kwenye ekstensheni moja na friji, ambayo kila inapoanza kunguruma huvuta umeme zaidi.

Tulinunua UPS yenye kidhibiti cha volti, tukaitenga kompyuta na friji. Kuzima kwa ghafla kukakoma. Kijana alipima pia umeme unaotoka ndani ya pawa saplai. Waya wa volti 12 unatakiwa usishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6. Wetu ulisoma 12.1. Kifaa kilikuwa kizima.

Lakini asubuhi ya pili skrini ya buluu ikarudi. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umepona, wa pili bado.

Kura 4,096

Hapo tulianza kuondoa watuhumiwa mmoja mmoja. Tulipima joto la prosesa ikiwa kwenye kazi nzito, likafika digrii 61, wakati prosesa nyingi za mezani hujipunguza mwendo zikikaribia 95 au 100. Tulifungua kasha kuona kama kuna kinguzo cha shaba kilichosahaulika nyuma ya mazabodi, kwa sababu kikigusa mahali pasipo na tundu la skrubu kinaweza kuleta shoti. Hakikuwepo. SSD ilikuwa nzima na draiva tuliziweka upya. Kila mara tulibadili kitu kimoja, kisha tukasubiri.

Ikabaki kumbukumbu, yaani RAM. Mpwa wangu alieleza kwamba ujumbe unaobadilika kila mara mara nyingi hutokana na kumbukumbu, kwa kuwa kosa huangukia popote. Leo linaharibu programu ya kuchapia, kesho linaharibu Windows yenyewe. Kipande cha gigabaiti 8 kina vijumba zaidi ya bilioni 68, kila kimoja kikitunza sifuri au moja. Kimoja tu kikisema uongo, inatosha.

Mfano mashuhuri ni wa Ubelgiji. Katika uchaguzi wa tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek jijini Brussels, mgombea mmoja alionekana kupata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Hesabu iliporudiwa ilikutwa amezidishiwa kura 4,096. Idadi hiyo ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 12, ndiyo thamani ya biti moja ya kumbukumbu ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja. Mashine ilipopimwa haikuonyesha hitilafu. Hakuna mtu aliyeiba kura.

Tuliweka Memtest86+ kwenye flashi. Ni programu ya bure inayopima kumbukumbu kabla Windows haijawaka. Tulipoiacha ipime vipande vyote viwili usiku kucha, asubuhi kulikuwa na mistari myekundu ya makosa. Nilikaribia kusema, "Si nilisema?" Namshukuru Mungu nilinyamaza.

Kijana alitoa kipande kimoja, akapima kingine peke yake katika nafasi ya pili. Hakuna kosa. Akabadilisha vipande, nafasi ileile. Hakuna kosa. Akahamishia kipande cha kwanza kwenye nafasi ya nne, makosa yakatokea. Cha pili nacho, makosa. Vipande vyote viwili vilikuwa vizima. Tatizo lilikuwa kwenye ile nafasi.

Alimulika kwa tochi. Ndani ya mfereji kulikuwa na uzi mwembamba wa kitambaa na vumbi. Ndipo akaniuliza kwa upole, "Mjomba, baada ya mimi kuondoka, nani aliifungua?"

Ni mimi. Siku ya pili, watoto wa jirani walipokuja kushangaa, nilifungua kasha, nikachomoa kipande cha kumbukumbu na kukizungusha mikononi mwao kama niko darasani. Nikakifuta kwa kitambaa cha ubaoni, nikakirudisha. Vituko vilianza kesho yake. Nyani haoni kundule.

Alizima umeme, akatoa uzi kwa brashi laini, akasafisha meno ya kipande kwa spiriti na kukisukuma hadi klipu zikalia. Memtest86+ ikazunguka mara nne bila kosa hata moja. Sasa ni mwezi wa tatu na daftari langu halijapata mstari mpya.

Jumamosi iliyofuata niliwaita wale walimu watatu, pamoja na dada yangu na mpwa wangu. Nilimshitaki mbele ya watu, hivyo nilimwomba radhi mbele ya watu. Nilisoma daftari lote kwa sauti, pamoja na ukurasa wa kitambaa cha ubaoni. Dada yangu alicheka kwanza, kisha akalia kidogo. Mpwa wangu alisema, "Yameisha, mjomba," lakini chai aliinywa nusu kikombe tu. Najua hayajaisha yote.

Msomaji, kama kompyuta yako mpya inazima ovyo, andika kwanza saa na ujumbe. Pima umeme wa ukutani jioni, si mchana tu. Soma joto. Pima kumbukumbu kipande kimoja kimoja, nafasi moja moja. Kama uliongeza mwendo wa kumbukumbu kwenye BIOS, urudishe wa kawaida kabla ya kulaumu chochote. Wakati mwingine kosa linatoka kiwandani. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilipelekewa volti kubwa mno na kuharibika polepole, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Walionunua hawakukosea, wala mafundi wao.

Sisi tuliokulia ukimbizini tunajua mtu anavyojisikia akishukiwa kabla ya kuulizwa. Nilipaswa kulikumbuka hilo kabla ya mtu yeyote. Kompyuta ilitengemaa kwa brashi na spiriti. Kwa mpwa wangu, bado ninaendelea kutengeneza.