Airisi, Ua Lishindanalo na Sakitu

Wakulima wa Kinangop waijua sana sakitu. Huiona alfajiri, nyeupe juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa, na jua likisha kupanda shamba zima la viazi huwa jeusi kana kwamba limepitiwa na moto. Basi huenda wakastaajabu kusikia kwamba katika Ulaya na Marekani liko ua la bustani, liitwalo airisi, ambalo hukaa miezi katika udongo ulioganda mgumu kama jiwe, kisha likachanua.

Mmea huo una shina nene lilalalo juu ya udongo, mfano wa tangawizi. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa kadiri ya sehemu 9 katika 100, na yakiganda ndani ya seli za mmea huziua. Lakini siku zifupikapo na baridi kuzidi kidogo kidogo, airisi hujiweka tayari. Huongeza sukari ndani ya seli zake, na barafu ijapo huyaachia maji yatoke, yakagande katika nafasi zilizo baina ya seli. Matayarisho hayo huchukua majuma kadhaa. Sakitu kali ikija ghafula kabla hayajatimia, hata mmea wenye nguvu huweza kufa. Theluji, kinyume cha wanavyodhani wengi, ni rafiki: huufunika udongo kama blanketi.

Hasara iwaumizayo zaidi wenye bustani huja baadaye, Aprili au Mei, wakati bua limekwisha kuinuka na vitumba vimo ndani yake. Usiku mmoja watosha. Mmea hubaki hai, ila maua ya mwaka ule yamekwenda.

Jambo hili lilijulikana kwa gharama. Michael Foster, aliyefanywa profesa wa Cambridge katika mwaka wa 1883, alikusanya airisi zenye maua makubwa kutoka Uturuki na nchi za jirani. Wakulima wa maua wakazichanganya na zile za Ulaya, wakapata maua makubwa ajabu. Lakini zile zenye asili ya pande za Shamu zilistawi California, na zilipopelekwa majimbo ya kaskazini nyingi zilikufa au hazikuchanua. Kwao hukua wakati wa mvua za baridi. Kwa hiyo zikipata jua la siku mbili tatu katikati ya baridi huamka, na sakitu huzikuta macho.

Wengine wakatafuta damu ngumu zaidi. Paul Cook, wa Indiana, alichanganya airisi ndefu na ile fupi ya mbuga baridi za mashariki ya Ulaya, iitwayo pumila, na katika mwaka wa 1951 akatoa ile aliyoiita Green Spot, fupi na yenye kustahimili baridi.

Wenye busara hupanda Julai au Agosti, mizizi ipate kushika kabla udongo haujaganda na kuyeyuka na kuisukuma nje. Huchagua mahali pasipotuama maji, maana uozo huua airisi nyingi kuliko baridi. Na jioni ya Mei, mbingu ikiwa nyeupe pasipo upepo, huonekana wakitandaza mashuka ya zamani juu ya mabua, wayaondoe asubuhi.