Kuhesabu Theluji Hapa Pap Onditi

Je, mtoto wa miaka mitano ambaye hajawahi kuiona theluji, na ambaye pengine hataiona maishani, anaweza kufundishwa hesabu kwa kitabu cha picha za theluji? Usicheke. Swali hili limeulizwa hapa kwetu Pap Onditi, tena kwa sauti ya juu, na nusura lipeleke kasha zima la vitabu jikoni kuwashia moto.

Mambo yalikuwa hivi. Chekechea anakofundisha shangazi yangu ililetewa kasha la vitabu vya picha vilivyokwisha kutumika, msaada kutoka ng'ambo. Tulipolifungua, lo! Karibu kila kitabu kilikuwa cha majira ya baridi ya Ulaya na Marekani: watoto waliojifunika makoti hadi masikioni, mtu wa theluji mwenye pua ya karoti, miti isiyo na hata jani moja. Katika mkutano wa wazazi mzee mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, sisi hapa shida yetu ni jua na mafuriko. Hiyo baridi ya wazungu itamsaidia nini mjukuu wangu?" Wengi walipiga makofi. Mama mmoja auzaye mandazi sokoni akaviomba vitabu hivyo vya kufungia biashara yake. Shangazi akajibu kwa upole, "Mzee wangu, nipe muhula mmoja." Akapewa. Mimi nasoma shule ya kutwa, kwa hivyo jioni humsaidia kutengeneza vifaa vyake, na siku za likizo huketi naye darasani. Haya nisemayo nimeyaona.

Kwanza tuelewe kuhesabu ni nini. Mdogo wangu, ambaye mwaka ujao anaingia Gredi ya kwanza, anaweza kuimba moja hadi ishirini bila kupumua. Wageni wakija huitwa aimbe, naye hupewa peremende. Lakini hebu mwambie, "Niletee vijiko vitatu." Anakuletea vyote vilivyomo kikapuni! Huyo hajajua kuhesabu bado, anajua wimbo. Wataalamu wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, waliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1978. Walieleza kwamba kuhesabu kweli kuna kanuni tano: kila kitu hupewa jina moja la namba, wala si mawili, majina hufuatana kwa mpango usiobadilika, jina la mwisho ndilo idadi ya vyote, vitu vya aina yoyote vyaweza kuhesabiwa, na uanzie kushoto au kulia, jibu ni lile lile. Ile kanuni ya tatu ndiyo niliyoona inawasumbua wengi. Mtoto anagusa mawe: moja, mbili, tatu, nne. Unamwuliza, "Kwa hivyo ni mangapi?" Naye anaanza upya, moja, mbili...

Mtoto akiingia shule ya msingi na wimbo peke yake, kujumlisha kutamshinda, na atapachikwa jina la mjinga kabla meno yake ya utotoni hayajang'oka. Katika kidato chetu cha tatu wapo ambao kipindi cha hesabu kikifika tumbo huwasokota. Nashuku mambo yao yalianzia huko huko chini.

Jambo jingine ni lugha. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019, unataka watoto wa chekechea wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Hapa ni Dholuo, na Dholuo imeficha hesabu ndani yake. Tano ni abich. Sita ni auchiel, na humo ndani unamsikia achiel, yaani moja. Saba ni abiriyo, na humo yumo ariyo, yaani mbili. Ni kama kusema tano na moja, tano na mbili: mkono mmoja umejaa, sasa umeingia wa pili. Kiswahili nacho si haba, maana "kumi na moja" hujieleza yenyewe. Shangazi aliyaacha maneno ya Kiingereza yaliyokuwa chini ya picha, akatumia picha tu. Picha haina kabila.

Kitabu kilichotufaa kupita vyote ni The Mitten cha Jan Brett, kilichotoka Marekani mwaka 1989 kutokana na ngano ya Ukraine. Mvulana anaangusha kwenye theluji glavu nyeupe aliyofumiwa na nyanya yake. Fuko anaona mahali pa joto, anaingia. Kisha anakuja sungura, halafu kalunguyeye, bundi, mnyama mmoja wa kufanana na nyegere, mbweha, na hata dubu mzima! Glavu inavutika tu. Wa nane ni panya, ambaye hana pa kukaa ila juu ya pua ya dubu. Dubu anapiga chafya, na wote wanarushwa nje.

Sasa tazama hesabu iliyomo. Kila mgeni akiingia, idadi inaongezeka kwa moja, si zaidi. Shangazi hafungui ukurasa unaofuata mpaka watoto wamegusa kila mnyama kwa kidole mara moja, wakasema ni wangapi, wakabashiri akija mwingine watakuwa wangapi. Baada ya hapo kitabu huwekwa kando na blanketi kuukuu hutandazwa sakafuni. Hiyo ndiyo glavu. Watoto huingia mmoja mmoja, na kila akiingia mmoja wale walio ndani hupaza sauti: achiel! ariyo! adek! Wa nane akiingia anapiga chafya kubwa, hachuu, na wote hutawanyika kwa kelele ambazo nadhani husikika sokoni. Shangazi huinua blanketi na kuuliza, "Wamebaki wangapi?" "Onge!" Hakuna.

Hapo palitokea kizuizi kidogo. Nyanya mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake alimkuta amefanywa bundi, akakataa katakata, maana bundi kwetu si ndege wa kuchezea. Akilia juu ya paa watu huanza kuwaza msiba. Shangazi hakubishana naye. Akamwambia, "Sawa nyanya, leo awe kanga." Bundi akatoka, kanga akaingia, na watoto wakahesabu tena. Wakabaki nane. Watoto walishangaa sana kwamba umebadilisha ndege lakini nane haikubadilika, na mimi nikaona ile kanuni ya nne mbele ya macho yangu. Nyanya mwenyewe alihesabu pamoja nao.

Kitabu cha pili ni The Snowy Day cha Ezra Jack Keats, cha mwaka 1962. Ni habari za Peter, mtoto mweusi wa mjini Marekani, anayetoka nje asubuhi theluji imefunika kila kitu. Nyayo zake zinaacha mistari miwili. Akiburuta kijiti, mstari wa tatu unatokea. Mbili na moja, tatu! Jambo hili halihitaji theluji hata kidogo. "Pap" kwa Dholuo ni uwanda, na udongo mweusi wa uwanda huu ukinyeshewa hushika nyayo barabara. Tulitoka nje baada ya mvua, tukahesabu nyayo za watoto, za mbuzi na za kuku, tukatafuta zipi ni jozi, zipi kubwa, zipi ndogo. Mtoto mmoja akaburuta fimbo nyuma yake kama Peter, bila kuambiwa.

Lakini Peter anafanya jambo jingine. Anatia tonge la theluji mfukoni alihifadhi kwa kesho, na kabla ya kulala anakuta mfuko mtupu. Watoto wetu hawakuelewa. Nani kaiba? Walimshuku mama yake.

Hapa ndipo nilipoona kwamba yule mzee wa mkutanoni alikuwa na hoja, kwani picha peke yake haikuweza kueleza. Shangazi alikwenda kwa wachuuzi wa samaki, ambao hutumia barafu ili samaki wa ziwani wasioze, akapewa vipande katika ndoo iliyofunikwa gunia. Alimwekea kila mtoto vipande vitatu katika kisahani. Wakahesabu: vitatu. Wakaviweka juani, wakaimba kidogo, wakahesabu tena: viwili. Wakacheza, wakarudi: kimoja, tena kidogo kama punje ya hindi. Mwishowe maji matupu. "Vingapi?" Kimya. Halafu mdogo wangu, yule yule wa vijiko, akasema polepole, "Onge." Shangazi akachora duara ubaoni na kusema hii ndiyo sufuri. Vijana wawili tayari walikuwa wametia barafu mifukoni kama Peter, na mama zao waliuliza jioni kwa nini kaptura zimelowa.

Nataka ukumbuke jambo hili, mwalimu unayesoma ukurasa huu. Mawe, vizibo na mbegu za mchezo wetu wa ajua hufundisha kujumlisha vizuri sana, na haviwezi kuisha kwa bei. Lakini havitoweki. Ukimwambia mtoto "tatu toa tatu" anaviona bado viko mkononi mwako. Theluji na barafu hutoweka vyenyewe, mbele ya macho, na ndiyo sababu vitabu vya baridi vina hadithi nyingi za kupungua na kuisha. Kwa kutoa na kwa sufuri, mimi sijaona kifaa kinachozishinda.

Tena, theluji si ya wazungu peke yao. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, uko karibu kabisa na ikweta na una barafu kileleni, ingawa inazidi kupungua. Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro mwaka 1848, wataalamu wa Ulaya ndio waliokataa kuamini! Kule juu Kericho kwenye mashamba ya chai mvua ya mawe ni jambo la kawaida, na mwezi wa Septemba 2008 karibu na Nyahururu ilianguka ikafunika ardhi kwa weupe hadi watu wakadhani ni theluji. Hata maneno yetu yamesafiri: "theluji" ni la Kiarabu, na "barafu" limetoka Kiajemi, ambako maana yake ni theluji hasa.

Si vitabu vyote vilivyofaa, lazima niseme. Vile vya kuhesabu taa za Krismasi vilikuwa na vitu vingi kupita kiasi katika ukurasa mmoja, na kimoja kilichora theluji nukta nukta zisizohesabika hata nami. Hivyo vimepelekwa kwa mama wa mandazi, naye ameshukuru.

Ukitaka kujaribu nyumbani, gandisha maji safi, kwani barafu ya samaki si ya kutia mdomoni na watoto watatia tu. Vipande viwe vya ukubwa mmoja. Sisi siku moja kimoja kilivunjika katikati, mtoto akadai sasa ana vinne, mwenzake akasema ni vitatu kwa sababu hakuna aliyeongezwa. Walibishana mpaka ushahidi wote ukayeyuka. Shangazi amesema swali hilo lingoje hadi wafike kwenye nusu na robo.