Je, Wajua? Ng'ombe Ana Namba, Lori Lina Lakiri, Panya Ana Kengele

Je, wajua kwamba ng'ombe anayechungwa Kwaluguru, hapa Handeni, anaweza kubeba namba ndefu kuliko namba yako ya simu? Simu yako ina tarakimu 10. Hereni ya kielektroniki inayofuata kanuni za kimataifa ina 15! Tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi: Tanzania ni 834, Kenya ni 404.

Na hereni hiyo haina betri. Sikia vizuri: haina betri, haichajiwi, haiishiwi bando. Kifaa cha kusomea kikisogezwa karibu na sikio, ndicho kinachoipa nguvu kwa mawimbi yake. Hereni inataja namba, kisha inanyamaza hadi siku nyingine.

Umewahi kuona inavyovalishwa? Ng'ombe anaingizwa kwenye kibanio, mmoja anashika kichwa, mwingine ana koleo lenye hereni mdomoni. Koleo linabana mara moja, sikio linatikisika, ng'ombe anapiga kwato na kutoka akiwa amesajiliwa. Sheria ya Tanzania ya kutambua, kusajili na kufuatilia mifugo ni ya mwaka 2010, na hereni zilipoanza kuvalishwa kwa wingi zilitozwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe au punda, shilingi 1,000 kwa mbuzi au kondoo. Wafugaji walilalamika, ungetegemea nini?

Kabla ya hereni palikuwa na chapa ya moto. Wamasai nao walikuwa wanakata masikio kwa alama za ukoo, na mchungaji anazisoma kwa mbali bila kifaa chochote. Mimi hiyo ndiyo naiona teknolojia iliyodumu kuliko zote.

Sasa twende Botswana. Huko ng'ombe walikuwa wanamezeshwa kidonge kizito cha kauri chenye chipu ndani! Kinatua tumboni na kubaki humo maisha yake yote, ili nyama ikifika Ulaya mnunuzi ajue imetoka wapi. Mwizi akate sikio, akate na mkia. Namba iko tumboni inamsubiri.

Haya, shika benchi, tunaingia kwenye blokcheni. Usiogope jina. Chukulia daftari la kikoba ambalo kila mwanachama ana nakala yake, na kila ukurasa mpya unabeba alama ya ukurasa uliotangulia. Katibu akifuta tarakimu moja kwake, nakala za wenzake zinamuumbua papo hapo. Umeshaielewa, tusonge.

Je, wajua kwamba alama hiyo ya ukurasa ina herufi na tarakimu 64 tu kwa njia inayotumika sana? Weka barua ya mistari miwili, zitatoka 64. Weka Katiba nzima, zitatoka 64 zilezile kwa idadi. Lakini ondoa mkato mmoja tu, na alama yote inavurugika! Idadi ya alama zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78. Usijaribu kuitamka.

Wengi wanadhani mambo haya yalianza na Bitcoin mwaka 2008. Hapana! Stuart Haber na Scott Stornetta waliandika wazo la kufunga nyaraka kwa mnyororo wa muda mwaka 1991, miaka 17 kabla. Na kuanzia 1995 kampuni yao ilikuwa inachapisha alama ya wiki kwenye gazeti la New York Times, katika safu ya matangazo madogo, kule kwenye vitu vilivyopotea na kuokotwa. Nani ataweza kubadilisha gazeti lililokwisha kufika kwenye maktaba za dunia nzima?

Unapenda maembe? Duka kubwa la Walmart la Marekani liliwataka watu wake waseme pakiti moja ya maembe yaliyokatwa ilitoka shamba gani. Walihangaika siku 6, saa 18 na dakika 26. Wakarudia kwa blokcheni: sekunde 2.2! Soma tena hiyo namba.

Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia kontena la bidhaa za baridi kutoka Afrika Mashariki hadi Ulaya. Lilipita mikononi mwa watu na taasisi karibu 30, na mawasiliano zaidi ya 200! Ndipo mwaka 2018 wakazindua TradeLens pamoja na IBM, daftari la blokcheni la mizigo ya dunia. Novemba 2022 wakatangaza kuifunga. Mitambo ilifanya kazi. Washindani wa Maersk ndio ambao hawakujiunga vya kutosha. Hapo hakuna kompyuta ya kukusaidia.

Jirani zetu hawakulala. Mwaka 2018 kahawa ya Uganda ilifuatiliwa kwa blokcheni na kampuni ya bext360 hadi kwa mkaangaji wa Denver, Marekani. Mashine yao inapiga picha punje na kuzipanga kwa ubora palepale mkulima anapouza. Yaani mzani unaotazama!

Na kobalti ya Kongo je? Mwaka 2019 Ford, IBM na LG Chem walitangaza jaribio la kuifuatilia kutoka mgodini Kongo, kupitia kiwanda cha betri Korea Kusini, hadi Marekani kwenye gari. Rwanda nayo ilishatangaza mwaka 2018 kufuatilia madini ya tantalamu kwa njia hiyohiyo. Simu iliyo mfukoni mwako ina tantalamu, na huenda hujawahi hata kusikia jina lake.

Lakini dhahabu ni mkaidi. Magambazi, hapahapa Handeni, watu wanaijua vizuri. Iyeyushe kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi, ichanganye na ya mgodi mwingine, na hakuna jicho litakalotenganisha. Ndiyo maana kazi yote iko kabla ya tanuru: nani kachimba, wapi, kapima gramu ngapi. Soko la kwanza la madini Tanzania lilifunguliwa Geita Machi 2019 kwa sababu hizohizo.

Tanzanaiti walipata dawa nyingine kabisa: ukuta! Kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya Mirerani, vijana wa JKT wakaumaliza ndani ya miezi michache, ukazinduliwa Aprili 2018. Jiwe lenyewe halipatikani popote pengine duniani, kwa hiyo ukilinda lango umelinda asili. Blokcheni ya mawe na saruji, ukipenda.

Geuka sasa, tutazame juu. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu ya kichwa chako, na kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku. Simu yako inahitaji nne tu ili ijue ulipo. Na saa zilizo huko juu hukimbia kuliko zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku! Zisiporekebishwa, siku moja tu ingetosha kukupoteza kwa kilomita 10: umesimama Kwaluguru, ramani inakuweka kijiji cha mbali.

Ulaya imetunga sheria mwaka 2023 inayotaka kila gunia la kahawa lije na mahali shamba lilipo, kwa tarakimu sita baada ya nukta. Unajua tarakimu ya sita inapima nini? Sentimita 11! Sogeza mguu, namba imebadilika. Shamba lililozidi hekta 4 lazima lichorwe mipaka yake yote, na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020 umejifunga mlango. Sheria imeahirishwa zaidi ya mara moja, ila wakulima wa kahawa wa Usambara na Kilimanjaro wanaisikia ikija. Mkonge wa Korogwe haumo kwenye orodha. Umepona.

Tukiwa kwenye mkonge: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikafika Tanga hai 62 tu! Simulizi moja inadai miche ilisafirishwa imefichwa ndani ya mamba aliyekaushwa. Kutoka miche hiyo 62, mwaka 1964 nchi ilizalisha karibu tani 230,000. Asili ya bidhaa inayosimuliwa kwamba ilifichwa tumboni mwa mamba, nani angeithibitisha?

Turudi kwenye GPS: hudanganywa kirahisi. Juni 2017 meli zaidi ya 20 kwenye Bahari Nyeusi ziliona kwenye ramani kwamba ziko uwanja wa ndege wa Gelendzhik, nchi kavu! Nahodha anatazama maji pande zote, mtambo unamwambia yuko kwenye lami. Hapo ndipo blokcheni inapofikia mwisho wake: ukiiandikia uongo, itautunza uongo huo vizuri sana, milele. Ndiyo maana Galileo, setilaiti za Ulaya, sasa zinatuma mawimbi yenye saini ya kidijitali.

Umeshawahi kusimama Segera ukaangalia malori? Lori la mizigo ya kupita kwenda nchi jirani linaweza kufungwa lakiri ya kielektroniki mlangoni. Likiacha njia iliyopangwa, ofisi inajua. Lakiri ikiguswa, ofisi inajua. Kenya, Uganda na Rwanda walizindua mfumo wao mmoja wa pamoja mwaka 2017, ili lori lifuatiliwe kutoka Mombasa hadi Kigali bila kubadilishiwa macho mpakani. Dereva anayependa kuchepuka kwa shemeji yake ana shida.

Basi lako la Arusha nalo linatazamwa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inafuatilia mabasi kwa kifaa kinachoripoti mahali na mwendo, na kikomo ni kilomita 80 kwa saa. Dereva anajitambulisha kwa kitufe chake kabla ya kuondoka, kwa hiyo ukipita Korogwe kwa kasi, inajulikana si basi gani tu bali nani kalikanyaga. Konda anaapa walikuwa wanatembea taratibu? Kifaa hakiapi.

Na chupa iliyoko mezani? Tangu tarehe 15 Januari 2019, pombe na sigara Tanzania zinabandikwa stempu za kielektroniki za TRA, na soda zikafuata mwaka huohuo. Programu ya Hakiki Stempu inakupa jibu kwenye simu yako. Mkulima wa mahindi naye asiachwe nyuma: lebo za TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, kwenye mifuko ya mbegu zina namba ya kukwangua, unaituma kwa simu ya kawaida kabisa, ujue kama mbegu ni halisi kabla mvua haijakucheka.

Ile michoro ya miraba myeusi na myeupe unayopiga picha kila mahali ilibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara. Wazo alilipata kwenye ubao wa mchezo wa Go! Mmoja unaweza kubeba tarakimu 7,089, na mwingine, ulioundwa kustahimili zaidi, ukiharibika hadi asilimia 30 bado unasomeka. Kampuni yake iliamua kutotoza watumiaji hata senti. Mistari ile ya zamani nayo ilisomwa dukani mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974, kwenye pakiti ya bazoka. Bazoka!

Je, wajua kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza? Kilomita 1,147 ziko Tanzania. Na sambamba nalo chini ya udongo umelazwa waya wa nyuzi za kioo, ambao kazi yake mojawapo ni kuhisi uvujaji na watu wanaochimba karibu. Kwa hiyo ukisikia mtu wa Handeni anasema ardhi ina masikio, usimcheke.

Na hewani je? Redio ndogo za vifaa vya mashambani zinatumia nguvu kidogo ajabu. Mwaka 2019 moja yenye miliwati 25 tu, ikiwa imeninginia kwenye puto angani, ilisikika umbali wa kilomita 766! Umbali huo unazidi safari ya basi kutoka Dar hadi Arusha.

Meno ya tembo hayana chipu, lakini yanasema. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulipima shehena kubwa 28 zilizokamatwa, na meno mengi ya tembo wa nyika yaliyokamatwa baada ya 2006 yakaonyesha yametoka Afrika Mashariki, hasa eneo la Selous na jirani zake. Mhalifu alifuta kila kitu isipokuwa jino lenyewe.

Na Morogoro, kwenye kituo cha APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa, kuna wakaguzi wanaovaa vizibao vyekundu. Ni panyabuku! Utafiti wa mwaka 2024 ulieleza wanavyonusa pembe za ndovu, magamba ya kakakuona, pembe za faru, na mpingo, hata vikifichwa kati ya kahawa, nyaya za umeme au sabuni ya unga. Wakiishi miezi 8 bila kukutana na harufu ya kakakuona, bado wanaikumbuka. Kifuani wana kijipira. Panya akinusa magendo anakivuta kwa miguu ya mbele, kengele inalia. Mmoja anaitwa Attenborough, mwingine Fossey, na malipo yao ni punje za chakula zenye ladha.