Shahada ya Mtandaoni Nayo ni Shahada

Wapo waajiri ambao wakiona kwenye barua ya maombi kwamba mtu amesoma shahada yake kwa njia ya mtandao, huiweka kando. Kwao, asiyekaa darasani hakusoma. Mimi sikubaliani nao.

Kusoma ukiwa mbali na chuo si jambo geni. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kimewatahini watu wasiohudhuria madarasa yake. Nelson Mandela alipata shahada ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa, kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kinachofundisha kwa masafa. Nani atasema shahada ile ilikuwa pungufu? Hapa Tanzania, sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria ilipitishwa mwaka 1992. Intaneti imebadilisha njia ya kulifikisha somo tu. Uzito wa shahada unatokana na mtaala na mtihani unaosimamiwa ipasavyo.

Hata hivyo tusidanganyane. Darasani kuna wenzako wa kubishana nao na mhadhiri wa kumwuliza papo hapo. Nyumbani kuna watoto, misiba, umeme unaokatika na bando linaloisha katikati ya somo. Wanaoishia njiani si lazima wawe wamekosa akili. Wengine huchoshwa na upweke. Na yapo masomo yasiyokamilika bila vitendo: huwezi kuwa daktari bila kuingia wodini.

Kwa hiyo, kabla hujalipa ada, ulizia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo hicho, hata kama kiko ng'ambo, kinatambuliwa. Uliza pia mtihani unafanyika wapi na nani anausimamia. Anayekuahidi shahada kwa majuma machache bila mtihani anakuuzia karatasi. Ukishaanza, tafuta wenzako wawili watatu mkutane kila Jumamosi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nanyi waajiri, mwalimu anayefundisha mchana kutwa, akapika, akalaza watoto, kisha akafungua somo saa nne usiku kwa miaka kadhaa, ameonyesha nidhamu ambayo nyote mnadai kuitafuta. Mwiteni kwenye usaili, mpeni kazi ya kufanya mbele yenu, ndipo mwamue.

Hadi juma lijalo, kwaherini.