'Charge' moja, mizigo minne: Usijichome kwa barua ya kazi

Simu imebaki asilimia 4 na unamalizia barua ya kuomba kazi. Mwaka jana mjomba alikuachia duka ulisimamie miezi mitatu, kwa hivyo unaandika: "I was charged with my uncle's shop." Unatuma. Wee! Anayesoma ataona kama wewe na duka mlipandishwa kizimbani pamoja.

Ulitaka kusema "I was in charge of my uncle's shop."

Shida si kwamba hujui Kiingereza. Hata Kiswahili kina neno kama hilo. Unapiga simu, unapiga pasi, unapiga picha, unapiga chafya, na hakuna aliyechapwa. Maana inatoka kwa neno jirani. 'Charge' ni vivyo hivyo. Lilitoka Kifaransa cha kale, likimaanisha kupakia mzigo. Shika hilo la mzigo, mengine yatakubali.

Mzigo wa pesa: "Free of charge" ni bure. "Extra charge" ni ada ya ziada. Ukienda kutafuta nyumba, uliza kama "service charge" iko ndani ya kodi au ni kando, kabla hujatia sahihi.

Mzigo wa umeme: "Fully charged" ni simu iliyojaa chaji. Ikizima, sema "my phone is out of charge." Ukiona "no charge" kwenye risiti, hapo si betri, ni kwamba hulipi.

Mzigo wa jukumu: "In charge of" ni kusimamia, "take charge" ni kushika usukani. Lakini chunga sana: "I was in charge of the manager" inamaanisha wewe ndiwe uliyekuwa bosi wa meneja! Andika "I worked under the manager." Utakutana pia na "charged with training new staff", yaani kupewa kazi hiyo. Ni sahihi, ila kwa CV, "in charge of" haimchanganyi mtu.

Mzigo wa kosa: Hapa ndipo wengi huteleza. Mtu ni "accused of theft" lakini ni "charged with theft." Ukisema "charged for", umerudi kwa pesa: "I was charged for parking" ni kwamba ulilipishwa. "Drop the charges" ni kuondoa mashtaka, na "charge sheet" ni ile karatasi yenye mashtaka yako.

Hiyo karatasi si ya kuitikia tu. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha unayoielewa, na mkalimani bila malipo ikiwa huelewi lugha ya kesi. Kama hujashika, sema hujashika.

Kwa hivyo ukikutana na neno jipya, usiliweke kichwani pekee yake. Liweke na jirani zake.

Sasa chomeka simu kwa chaji, urekebishe ile barua, uitume tena.